Namba kwenye chupa ya kremu ya jua: nani anaipima?

Leo tuongee juu ya kremu ya jua. Kwenye chupa wanaandika SPF 30 ao 50+, na sisi tunaamini. Uzito wa sukari unaweza kuupima kwa mizani pale pale sokoni. SPF, hapana: unapaka, hauoni kitu mpaka ngozi iungue.

Hii namba inatoka wapi? Kwa njia ya kawaida, ISO 24444, watu wasiopungua 10 wanapakwa kremu mgongoni, miligramu 2 kwa kila sentimeta ya mraba, kisha wanamulikwa na taa yenye mionzi kama ya jua. Kama ngozi iliyopakwa inaanza kuwa nyekundu kwa mionzi mara 30 kuliko ile ya wazi, hiyo ni SPF 30. Maana yake: SPF 50 inaacha kupita mionzi 2 kwa 100. SPF 4 inaacha kupita 25.

Tuangalie Australia, inchi yenye sheria kali. Mwaka 2025, shirika la walaji CHOICE lilipima kremu 20. 16 hazikufikia namba yao. Moja iliyoandikwa 50+ ilipata 4! Kampuni ilikataa kwanza, halafu ikaitoa sokoni. Sheria ilikuwako. Lakini serikali ilitegemea ripoti za laboratuari ambayo muuzaji mwenyewe anachagua na kulipa.

Sisi wa agronomi tunajua jambo hili. Mbegu hatuzijui kwa maandishi ya mfuko: tunachukua mia, tunaziotesha, tunahesabu.

Basi kwetu Congo, OCC na ACOREP zingefanya nini? Kwanza, kuchukua chupa butikini, siyo zile muuzaji analeta. Pili, muuzaji alipe, lakini laboratuari ichaguliwe na serikali. Tatu, kutangaza matokeo pamoja na namba ya loti. Tangu 2024 ISO ina njia ya kupima kwenye vibao vya plastiki, bila kuunguza mtu. Inaweza kusaidia kuchuja zile mbaya mapema. Na kwa kuwa tuko ndani ya EAC tangu 2022, laboratuari moja inaweza kutumikia inchi kadhaa.

Haya siyo mambo ya watu wa piscine tu. Ndugu zetu wenye ualbino wanaishi karibu na ikweta na ngozi yenye melanini kidogo sana. Kansa ya ngozi inawaua wangali vijana. Chupa ya uongo ni mbaya kuliko kukosa chupa, juu inampa mtu moyo wa kukaa shambani saa sita akifikiri amelindwa.

Wakati tunangojea, kofia pana, mikono mirefu na kivuli havihitaji etiketi. Kremu iongezwe juu ya hivyo, isivichukulie nafasi.