Muda Uliofichika Katika Uenezi wa Spishi Geni

Spishi geni ni kiumbe aliyefikishwa na mwanadamu, kwa kukusudia au bila kukusudia, mahali ambapo asingefika kwa nguvu zake mwenyewe. Spishi vamizi ni ile geni ambayo imekwisha kuzaliana na kuenea kiasi cha kudhuru viumbe wenyeji au maisha ya watu. Kati ya hali hizo mbili hupita kipindi cha ukimya, ambacho mara nyingi huhesabiwa kwa miongo, na asiyekizingatia hawezi kuielewa historia ya uenezi huu.

Kusafirisha viumbe ni desturi ya kale. Ndizi ilitoka Asia ikafika Afrika muda mrefu kabla ya Wareno, na baada ya mwaka 1492 mahindi na mihogo vikavuka kutoka Amerika, hata leo ni vigumu kulifikiria shamba la Afrika Mashariki bila mazao hayo. Karne ya 19 ndiyo iliyobadili kasi. Dola za Ulaya zilianzisha bustani za kujaribia mimea ya makoloni, Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869 na kuwapa viumbe wa Bahari ya Shamu njia ya kuingia Mediterania, nazo meli za chuma zikaanza kubeba maji badala ya mawe ili zisiyumbe zikiwa hazina shehena, maji ambayo huchotwa katika bandari moja na kumwagwa katika nyingine pamoja na mayai na vitoto vya kome, kaa na samaki.

Mfano ulio wazi zaidi uko katika Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902 na kupanda mamia ya spishi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Nyingi zilikufa au zilibaki palepale zilipopandwa. Haikuwa hivyo kwa Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi. Mti huu ni mwenyeji wa misitu ya Kagera, mkoa wa Tanzania hiyohiyo, pamoja na ya Uganda na Kongo, na kwa sababu hiyo unathibitisha kwamba ugeni hupimwa kwa mfumo ikolojia, yaani jumuiya ya viumbe pamoja na mazingira wanayoyategemea, wala si kwa mipaka ya nchi. Ulipendwa kwa kuwa hukua upesi. Tunda lake, ambalo likiiva huwa la zambarau inayokaribia weusi, humezwa na hondohondo, naye huruka nalo mbali na kuiangusha kokwa ikiwa nzima, kisha kokwa hiyo huota vizuri mahali palipo na uwazi unaopitisha jua. Kwa miongo kadhaa mti huo haukumtia mtu wasiwasi. Lakini uvunaji wa magogo ulipoufungua msitu, nafasi ilipatikana, na kufikia miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakionya kwamba ungeweza kuitawala misitu yenye mimea isiyopatikana kwingineko duniani. Mti ulikuwa uleule. Msitu ndio uliobadilika.

Ukimya kama huo ulitokea pia katika Ziwa Victoria: samaki aitwaye sangara alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akabaki haba kwa takribani miaka 20, kisha akaongezeka ghafla, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 za furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa hilo, zilitoweka. Maelezo mojawapo ya kukawia huko ni kwamba furu, wakiwa bado wengi, waliwala vifaranga vya sangara au kugombea nao chakula. Biashara ya minofu ilinufaisha wengi, jambo lisilopaswa kudharauliwa. Hata hivyo, furu walikaushwa kwa jua tu, ilhali sangara, kwa wingi wa mafuta yake, alihitaji moshi, na kuni za moshi huo zilitoka katika miti iliyolizunguka ziwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya kumbukumbu za spishi geni zipatazo 17,000 kuonekana kwa mara ya kwanza katika maeneo mapya, ulionyesha kwamba asilimia 37 ya kumbukumbu hizo ni za kati ya mwaka 1970 na 2014. Kwa kipimo cha Amani, wageni wengi wa kipindi hicho bado hawajafikia umri wa kuonyesha tabia yao. Wengi hawatamdhuru yeyote, lakini kauli ya kwamba ua fulani limekaa bustanini miaka 40 bila matata haipaswi kupokewa kama ushahidi wa usalama wake, na ni kosa kubwa kwa mamlaka za mimea kuitegemea.

Sheria nazo hukawia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji ya kusawazishia meli ulipitishwa mwaka 2004, miaka 16 baada ya kome-pundamilia kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, ambaye huaminiwa kuletwa na maji hayo, kugunduliwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, ukaanza kutumika Septemba 2017. Vilivyomwagwa bandarini katika miaka hiyo yote ya kusubiri haviwezi kurudishwa kwa mkataba wowote.