Barua za Fundi wa Lamu

Barua ikisha kusomwa na kujibiwa, watu wengi huona kazi yake imekwisha. Hufungiwa chumvi dukani au huwashiwa moto jikoni. Lakini ziko barua zilizopata bahati njema kuliko hiyo. Miongoni mwake ni za Muhamadi Kijuma wa Lamu, ambazo baadhi zimehifadhiwa hata leo katika maktaba ya chuo cha SOAS mjini London, na nyingine Ujerumani.

Mzee huyu alikuwa fundi wa mambo mengi. Alitia nakshi milango, alitunga mashairi, alijua ngoma na nyimbo, tena khati yake ilikuwa nzuri mno. Basi Wazungu waliotaka kujifunza tungo za kale walimwendea yeye. Bibi Alice Werner alipata kwake utenzi wa Liyongo, ulioandikwa mwaka wa 1913. Bwana William Hichens aliandikiana naye kutoka Uingereza. Na mwaka wa 1936 Bwana Ernst Dammann na mkewe walikuwa Lamu wakikusanya hati. Vitabu vilipopigwa chapa, majina yaliyowekwa juu ya jalada yalikuwa ya wageni. Ni kweli kwamba walimtaja, lakini kutajwa katika dibaji ni jambo dogo kwa mtu aliyenakili beti kwa mamia kwa mkono wake. Barua ndizo zinazomwonyesha akiwa mtu wa kazi, mwenye kuagizwa hati, kuzipeleka na kutazamia ujira wake. Kwa msaada wa karatasi hizo wataalamu Gudrun Miehe na Clarissa Vierke waliweza kutoa kitabu kizima juu yake mwaka wa 2010.

Kuzisoma hati za namna hiyo si kazi nyepesi. Waswahili wa zamani waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina “p”, wala hazitengi “e” na “i”. Tena “m” iliyotangulia “b” mara nyingi haikuandikwa. Kwa hiyo neno “pembe” laweza kuandikwa sawasawa na “bibi”! Asiyeijua lugha barabara atapotea, hata akiwa na shahada ngapi.

Huenda msomaji akauliza, mbona barua za mzee wetu ziko ng’ambo? Sababu ni nyepesi: barua hukaa kwa aliyeipokea. Walioandikiwa Ulaya waliziweka, kisha zikaingia maktaba. Majibu yao yalikuja huku kwetu, yakategemea sanduku la nyumbani, mchwa na unyevu wa pwani. Mazungumzo yalikuwa ya watu wawili, na nusu moja ndiyo iliyo rahisi kupotea.

Kenya ilipata sheria ya nyaraka za taifa mwaka wa 1965, na ghala yake iko Nairobi. Lakini nyingi zilizomo ni faili za serikali. Barua ya mkulima kwa mwanawe aliyekwenda kazini mjini haina faili. Atakayeikuta sandukuni asiibandike kwa gundi palipochanika, wala asiianike juani, kwa maana wino hufifia. Na bahasha asiitupe: mara nyingi mwandishi alisahau kutia tarehe, lakini mhuri wa posta haukusahau.