Mitambo Inayomtazamia Rubani Hewa



Hapana mkulima wa karafuu asiyejua kutazama mbingu. Mvua moja ikitukuta karafuu zimo majamvini, kazi ya siku tatu yaweza kugeuka mpeta. Rubani wa ndege naye ana haja hiyo hiyo, ila alichochukua yeye ni roho za watu, na hewa atakayo kuijua ni ya mahali ambapo bado hajafika. Kwa hivyo tumeona vyema kuwaelezea mitambo ya viwanja vya ndege ipimayo hewa yenyewe, bila ya mtu.

Marekani imeenea sana. Tangu miaka ya 1990 serikali ya huko imeweka mitambo iitwayo ASOS, na sasa imezidi 900. Usiku na mchana hupima upepo, joto, unyevu, mvua, uzito wa hewa, urefu wa mawingu na umbali ambao jicho laweza kuona. Kisha sauti hutangaza khabari hizo kwa redio, na rubani huzisikia angali angani.

Kubwa katika hayo ni uzito wa hewa, maana saa ya ndege ionyeshayo kimo huenda kwa uzito huo. Ukipungua kwa hektopaskali 10 na rubani asiirekebishe saa yake, itamwambia yuko juu kwa kiasi cha mita 80 kuliko alivyo kweli. Hiyo ni kama minazi mitatu mirefu, mmoja juu ya mwenziwe. Usiku penye ukungu, tofauti hiyo yatosha kuipiga ndege chini kabla ya kufika uwanjani.

Hata hivyo mtambo hauoni kama tuonavyo sisi. Mawingu huyapima kwa mwanga wa leza upelekwao juu moja kwa moja, na hukusanya vipimo vya nusu saa ndipo useme mbingu imefunga kiasi gani. Lisilopita juu yake haulijui. Ukungu ukitanda upande wa pili wa uwanja, mtambo waweza kusema hewa ni safi. Ndiyo sababu katika viwanja vikubwa vya huko wako watu wa kuangalia na kuongeza yale yaliyokosekana.

Basi mkiwa kiwanjani mkaambiwa ndege imechelewa kwa ajili ya hewa, na juu yenu jua linawaka, msinung'unike. Huenda rubani amekwisha kupata khabari za huko mwendako.

Katibu