Vikwazo Visivyogusa Mafuta

Tarehe 18 Novemba 1935, mataifa takriban 50 yalianza kutekeleza vikwazo dhidi ya Italia, ambayo majeshi yake yalikuwa yameivamia Ethiopia tangu mwanzoni mwa Oktoba. Orodha ya bidhaa ambazo Italia haikupaswa kuuziwa ilitaja mpira, bati na nikeli, pamoja na farasi, nyumbu, punda na ngamia. Mafuta hayakutajwa. Makaa ya mawe hayakutajwa. Vita vile viliendeshwa kwa malori na ndege, na malori na ndege za Mussolini ziliendelea kupata mafuta kama kawaida.

Aliyetaka kujua serikali za kidemokrasia zilikuwa tayari kufanya nini mbele ya madikteta angepata jibu katika orodha hiyo, miaka mitatu kabla ya mkutano wa Munich wa kumridhisha Hitler, ambao vitabu vya historia huutaja zaidi.

Ulaya ya wakati huo ilikuwa imejaa watawala wa mkono wa chuma. Benito Mussolini alikabidhiwa uwaziri mkuu na mfalme wa Italia mwaka 1922, baada ya wafuasi wake Mafashisti, wenye mashati meusi, kuandamana kuelekea Roma, na kufikia 1925 alikwisha kuuzima upinzani. Polandi ilimpata Piłsudski mwaka 1926, Ureno ikafuatia na Salazar. Nchini Ujerumani, chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura mwaka 1928. Ukaja mdororo wa uchumi, watu milioni 6 wakakosa kazi, na Julai 1932 chama hicho kikavuna asilimia 37. Wengi wa waliokipigia kura hawakuwa wapenzi wa ukatili. Walikuwa na njaa, walikuwa na uchungu wa kushindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na wanasiasa waliowazoea hawakuwa na jawabu.

Mussolini aliitaka Ethiopia kwa sababu ya Adwa. Hapo, tarehe 1 Machi 1896, Mfalme Menelik II aliwashinda Waitalia, na Mafashisti walilea aibu hiyo kama deni la taifa. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika. Ethiopia ilijiunga na Shirikisho la Mataifa mwaka 1923, na mkataba wa Shirikisho ulisema wazi kwamba anayemshambulia mwanachama mmoja amewashambulia wote. Zaidi ya hayo, Italia na Ethiopia zilitia saini mkataba wa urafiki mwaka 1928. Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, aliamini maandishi hayo. Desemba 1934 risasi zilipolia kwenye visima vya Walwal, katika jangwa la Ogaden, alipeleka shauri lake Geneva, makao makuu ya Shirikisho, kama mwanachama yeyote mwenye haki.

Huko walimsikiliza kwa miezi kadhaa, huku meli za Italia zikishusha askari na mizinga Massawa. Kibaya zaidi, katika miezi hiyo Uingereza na Ufaransa zilizuia silaha zisiuzwe kwa pande zote mbili. Kwa maneno hilo ni jambo la haki. Kwa vitendo, Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha na Ethiopia haikuwa navyo.

Kwa nini serikali za London na Paris zilisitasita hivyo? Si kwa kukosa uwezo. Mfereji wa Suez ulikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na karibu kila askari wa Italia aliyekwenda vitani alipita hapo. Wangeufunga, vita vingekwama. Walijitetea kwa mkataba wa 1888 ulioamuru mfereji uwe wazi wakati wa amani na wa vita. Sababu ya kweli ilikuwa hofu ya Hitler. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Pierre Laval, alitaka Mussolini abaki upande wao dhidi ya Ujerumani, nao makamanda wa jeshi la majini la Uingereza walihofia kupoteza meli Bahari ya Kati huku Japani ikiwanyemelea Mashariki. Marekani nayo ilijitenga. Sheria yake ya Agosti 1935 ilizuia silaha tu, na wafanyabiashara wake wa mafuta wakaongeza mauzo kwa Italia.

Lakini ingekuwa dhuluma kusema kwamba watu wa nchi hizo wote waliridhika. Nchini Uingereza, zaidi ya watu milioni 11 walishiriki kura ya maoni iliyoendeshwa na raia wenyewe, matokeo yake yakatangazwa Juni 1935. Zaidi ya milioni 10 waliunga mkono vikwazo vya kiuchumi dhidi ya taifa vamizi. Septemba hiyo, Waziri wa Mambo ya Nje, Samuel Hoare, alisimama Geneva na kuahidi kwamba nchi yake ingesimama imara dhidi ya uchokozi. Novemba serikali ikashinda uchaguzi kwa ahadi hizo.

Kabla mwezi haujaisha tangu uchaguzi, Hoare huyohuyo alikutana na Laval mjini Paris wakapanga kwa siri kumpa Mussolini maeneo makubwa ya Ethiopia. Magazeti ya Ufaransa yaliufichua mpango huo, na hasira ya wapiga kura wa Uingereza ilikuwa kubwa kiasi kwamba Hoare alijiuzulu tarehe 18 Desemba. Raia waliweza kumwondoa waziri. Sera ilibaki ileile, na mafuta yaliendelea kutiririka.

Miaka mitatu baadaye Mussolini mwenyewe alimwambia Hitler, kwa ushahidi wa mkalimani Paul Schmidt, kwamba mafuta yangezuiwa angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja.

Badala yake walioteseka ni Waethiopia. Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali, inayochoma ngozi, macho na mapafu, ingawa Italia ilikuwa imeridhia itifaki ya 1925 inayopiga marufuku silaha hiyo. Hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Malka Dida ilipigwa mabomu. Tarehe 5 Mei 1936 Addis Ababa ikaangukia mikononi mwa kamanda wa Italia, Marshal Badoglio. Juni 30, Haile Selassie alihutubia Shirikisho kwa Kiamhari, baada ya waandishi wa habari wa Kiitalia waliompigia miluzi kutolewa nje ya ukumbi. Siku chache baadaye wajumbe wakaamua kuviondoa hata vile vikwazo dhaifu.

Wapo waliouona ukweli mapema. Mjini London mwaka 1935 liliundwa kundi la Waafrika marafiki wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, mwenyekiti wake akiwa C.L.R. James kutoka Trinidad na katibu wake Jomo Kenyatta. Kwao, kimya cha wakubwa kilionyesha kwamba ulinzi wa Shirikisho ulikuwa na rangi.

Mwingine aliyekuwa akitazama ni Hitler. Machi 1936, Shirikisho likiwa limezama katika mzozo wa Ethiopia, alipeleka majeshi Rhineland, eneo la Ujerumani lililokatazwa kuwa na majeshi, na hakuna aliyemzuia. Miezi michache baadaye yeye na Mussolini walikuwa maswahiba. Kwa hiyo Ethiopia ilitolewa kafara ili Mussolini asimkimbilie Hitler, naye akamkimbilia. Machi 1938 Uingereza ilijaribu kumtuliza Hitler kwa pendekezo la kugawa upya makoloni ya Afrika ya Kati, lakini hakulijali. Yeye alidai makoloni yote ya zamani ya Wajerumani, Tanganyika ikiwamo. Walowezi wa Kiingereza huko Tanganyika waliunda chama cha kupinga. Waafrika wa Tanganyika hakuna aliyewauliza. Mwaka huohuo Uingereza ikautambua rasmi ufalme wa Italia juu ya Ethiopia.

Juni 1940 Italia iliingia vitani upande wa Hitler, na Julai majeshi yake kutoka Ethiopia yakaiteka Moyale, ndani ya Kenya. Ilibidi Uingereza iende kuwatoa Waitalia kwa damu. Katika majeshi yaliyosonga kaskazini kutoka Kenya mwaka 1941 walikuwamo askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Uingereza, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, huku wapiganaji wa Kihabeshi ambao hawakuwahi kuweka silaha chini wakiwabana Waitalia kutoka milimani.