Filozofia kwa Insha na kwa Hadithi

Waseminari wengi wakianza filozofia hujaza daftari maneno ya profesa, huyashika kwa kichwa, kisha huyarudisha siku ya mtihani. Daftari ni kitu chema. Lakini mwenye kushika maneno ya mwingine hajui bado kama yeye mwenyewe amefahamu. Tunataka kueleza hapa njia mbili za kujipima: kuandika insha, na kuandika hadithi fupi.

Njia hii si ngeni kwetu. Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, alikuwa bado mseminari wakati gazeti La Revue congolaise lilipoanza kuchapa maandiko yake juu ya akili na roho ya Wabantu, mwaka 1910. Hakungoja upadri ndipo afikiri. Upadri aliupata mwaka 1917. Aliyojifunza shuleni juu ya roho ya mtu aliyatazama katika maisha ya watu wa kwao. Vile vile padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alipima maneno manne ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Kwa Kiswahili tungesema: mtu, kitu, mahali, namna. Kumbe lugha ya nyumbani nayo ni shamba la filozofia.

Insha ni nini? Ni swali moja linalotafutiwa jibu mbele ya watu. Mtakatifu Toma wa Akwino ametuachia mpango mzuri: kwanza ataja sababu za wale wanaompinga, na azitaja kwa nguvu zake zote, ndipo ajibu, mwisho arudi kwa kila pingamizi. Mwanafunzi afuate hivyo. Aeleze maana ya maneno yake. Asimfanye mpinzani kuwa mjinga, maana kumshinda mjinga si ushindi.

Hadithi yafanya kazi nyingine. Tuchukue mfano. Kant, mwalimu wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba si haki kumdanganya hata muuaji anayeuliza yuko wapi mtu tuliyemficha. Mwanafunzi aweza kueleza neno hilo kwa ukurasa mmoja, na kulala usingizi mwema. Sasa mwambie aandike hadithi. Lazima mlango uwe na mahali pake, tuseme Kadutu au Bagira. Mwenye nyumba awe na jina, na mke, na mtoto aliye karibu kulia. Askari naye awe mtu, labda kijana mwenye njaa. Mlango unabishwa. Mwenye nyumba ajibu nini? Hapo mwandishi hawezi kukimbia.

Mjini Bukavu swali hilo si mchezo wa shule. Vita viliingia mjini mwaka 1996, na tena miaka kama 2004 na 2025. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa tarehe 29 Oktoba 1996. Mseminari anayeandika juu ya ukweli na uongo ajue kwamba atasomwa na watu waliosikia mlango ukibishwa usiku.

Mtakatifu Agostino aliziunganisha njia zote mbili. Katika kitabu chake juu ya uongo alitafuta kwa hoja nyingi kama yuko mtu mwenye ruhusa ya kudanganya, akaona hayuko. Lakini hakutosheka na hoja. Alisimulia pia habari ya Firmus, askofu wa Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Askofu huyo alimficha mtu aliyemkimbilia. Watumishi wa Kaisari walipofika, aliwajibu kwamba hawezi kusema uongo, wala hawezi kumtoa mtu huyo. Wakamtesa, naye asigeuke. Mwisho akapelekwa kwa Kaisari mwenyewe, naye Kaisari akastaajabu, akamsamehe yule aliyefichwa.

Basi kati ya uongo na usaliti ilikuwako njia ya tatu, yenye maumivu, nayo ilionekana katika maisha ya mtu. Lakini habari hiyo yaleta swali jipya: kama wangeteswa watoto wa nyumba mahali pa askofu, je, angenyamaza vile vile? Na Kaisari asingalisamehe, tungesemaje? Hadithi imetuonyesha mahali ambapo hoja ilikuwa bado nyembamba. Sasa turudi kwenye insha.

Mkongo mwenzetu V. Y. Mudimbe alifanya kazi ya namna hiyo kwa urefu katika Entre les eaux, ya mwaka 1973: padri Pierre Landu ajiunga na waasi akitafuta haki, na mawazo yake yapimwa huko.

Jambo moja la kuangalia: hadithi si mahubiri. Mwandishi akijua tangu mwanzo nani atashinda, hajapima kitu. Awaache watu wake waseme hata lile linalomsumbua.

Tunawashauri hivi, waseminari na makatekista pia. Chagueni swali moja ambalo Wakristo wanauliza kweli. Andikeni hadithi ya ukurasa mmoja. Kesho yake, insha ya kurasa mbili juu ya swali lile lile. Kisha mpeni mwenzenu azisome zote mbili, na mumwulize ni wapi mlikwepa. Mahali hapo ndipo filozofia yenu inapoanzia.