WIZI WA NAKALA NA UJIRA WA FUNDI

Wapo watu wasemao kwamba kunakili mchezo wa kompyuta bila ya kuulipia si wizi, maana mwenyewe hubaki na mchezo wake kama ulivyokuwa. Mwizi wa ng'ombe, wasema, huacha zizi tupu. Mnakili haachi pengo lo lote. Hoja hii ina sura nzuri, na kwa sababu hiyo yatupasa kuichungua.

Mchezo wa kompyuta hauoti kama uyoga. Hutungwa na watu: mwandishi wa programu, mchoraji, mpiga muziki, na yule mwenye kazi ya kutafuta makosa. Hao hufanya kazi miezi na miaka kabla ya senti moja kuingia. Nakala ya kwanza ndiyo ibebayo gharama yote. Nakala zifuatazo karibu hazigharimu kitu. Basi ujira wa mafundi hao umo katika nakala zile zile ambazo mnakili asema kuzichukua hakumdhuru mtu.

Tutazame mfano mmoja. Mwezi wa Aprili, 2013, ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, wenye kampuni ndogo iitwayo Greenheart Games, walitoa mchezo wa Game Dev Tycoon kwa bei ya dola 8. Katika mchezo huo mchezaji huendesha kampuni ya kutunga michezo. Ndugu hao wakawapelekea wanakili, kwa njia ya intaneti, nakala waliyoibadili kidogo: mchezaji akifika mbali, kampuni yake hufilisika kwa kuwa michezo yake yaibwa. Siku moja ilipopita, walionunua walikuwa 214. Waliokuwa na nakala isiyolipiwa walikuwa 3,104, yaani zaidi ya 93 katika kila mia. Tena baadhi yao waliandika kulalamika kwamba wezi wanawafilisi, wakauliza namna ya kujikinga! Uchungu wa kuibiwa waliujua duka lilipokuwa lao.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila nakala ya wizi ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mtunzi. Wengi wa watu wale wasingenunua kamwe. Wala wauzaji hawakosi lawama. Wengine, kwa kumwogopa mwizi, hutia mchezo makufuli yanayomtesa mnunuzi mwaminifu. Mwezi wa Machi, 2013, mchezo wa SimCity ulitolewa kwa sharti la kuunganishwa na intaneti wakati wote. Mitambo ya kampuni ikaelemewa, na watu waliokwisha kulipa wakashindwa kucheza.

Iko njia iliyo bora. Kabla ya mwaka 1994 sheria ya hakimiliki ya Poland haikulinda waziwazi programu za kompyuta, na katika magulio ya Warsaw nakala ziliuzwa hadharani kama nyanya. Mwaka huo Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha kampuni ya CD Projekt. Walijua kwamba biashara haigombi. Mwaka 1999 walileta mchezo wa Baldur's Gate katika lugha ya Kipolandi, maneno yake yakitamkwa na waigizaji mashuhuri wa huko, na ndani ya sanduku wakatia ramani na kitabu. Mchezo ulijaza diski tano, hata mnakili naye hakuweza kuutoa kwa bei ya bure. Watu wakanunua. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikatoa mchezo wake yenyewe, The Witcher. Wa tatu katika mfululizo huo, wa mwaka 2015, uliuzwa pia bila kufuli katika duka la kampuni hiyo, na kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimenunuliwa.

Sheria yahitajiwa, lakini polisi hawezi kukaa katika kila chumba. Muuzaji hana budi kuweka bei inayolingana na mfuko wa mnunuzi, na kusema naye kwa lugha yake. Na mnunuzi naye, aliye mfanyakazi, adaiye mshahara wake kamili mwisho wa mwezi, asimnyime mfanyakazi mwenziwe ujira wake kwa sababu tu hamwoni uso.