Nyuma ya Barua ya Kuitetea Microsoft

Mwaka 2001, mwanasheria mkuu wa jimbo la Utah, Marekani, alipokea barua za wananchi waliomtaka aache kuiandama Microsoft mahakamani. Mbili zilitoka kwa watu waliokwisha kufariki. Nyingine ilitaja mji uitwao Tucson katika jimbo hilo, mji ambao haupo. Agosti mwaka huo gazeti la Los Angeles Times lilieleza chanzo chake: kampeni ya Americans for Technology Leadership, kikundi kilichopata fedha kutoka Microsoft. Barua zilichapwa kwa karatasi na herufi za aina mbalimbali ili kila moja ionekane imeandikwa na mtu wake, lakini baadhi ya sentensi zilijirudia neno kwa neno.

Wizara ya Sheria ya Marekani na majimbo 20 walikuwa wameishtaki Microsoft Mei 1998. Walidai kwamba kampuni hiyo ilitumia ukiritimba wa Windows kukiua kivinjari cha Netscape. Nje ya mahakama, vita ilihamia kwa vikundi vya utetezi, na mwananchi wa kawaida akabaki akijiuliza amsikilize nani.

Barua za Utah ni rahisi kuzihukumu. Kazi inakuwa ngumu pale mtetezi anapokuwa msomi wa kweli mwenye jina na cheo. Juni 1999, Independent Institute ya California ilichapisha matangazo ya ukurasa mzima katika New York Times na Washington Post. Yalibeba barua ya wazi iliyotiwa saini na wasomi 240, wengi wao wachumi, waliopinga kesi hiyo. Septemba, New York Times ikafichua kwamba gharama ya matangazo hayo ililipwa na Microsoft. Je, wachumi wale walinunuliwa? Baadhi yao walikuwa wamezipinga sheria za kudhibiti ukiritimba kwa miaka mingi kabla ya kesi, na hoja zao zilistahili kujibiwa kwa hoja. Kilichoharibika ni kingine: msomaji aliyefungua gazeti alionyeshwa sauti 240 huru, akafichwa kwamba aliyelipia jukwaa ndiye mshtakiwa. Kupokea fedha kunamtaka msomaji awe makini zaidi. Kuzificha fedha hizo kunamnyima hata nafasi ya kuwa makini.

Upande wa pili nao ulikuwa na wafadhili wake. Netscape, Oracle na Sun zilisimama nyuma ya ProComp, kikundi kilichoitaka serikali ikaze kamba. Miongoni mwa wasemaji wake alikuwa Robert Bork, jaji wa zamani ambaye kitabu chake cha 1978 kiliwafundisha wengi kuitaka serikali isiingilie biashara ovyo. Mtu wa msimamo huo akisema Microsoft imevunja sheria, uzito wake ni mkubwa. Hata hivyo Bork alikuwa wakili wa kulipwa, na haki ya msomaji ni kuyajua yote mawili kabla ya kupima maneno yake.

Mwaka 2000 ikajulikana kwamba Oracle ilikodi wapelelezi kuvichunguza vikundi vilivyoiunga mkono Microsoft. Huko Washington, wafanya usafi waliahidiwa fedha ili watoe takataka za ofisi ya kimojawapo. Umma ulikuwa na haki ya kujua fedha zilikotoka, ila njia hii haiwezi kutetewa.

Mahakama, kwa upande wake, ilijenga uamuzi wake juu ya barua pepe za viongozi wa Microsoft wenyewe na mikataba yao na watengenezaji wa kompyuta. Juni 2001, majaji wa rufaa walithibitisha kwamba Microsoft iliulinda ukiritimba wake kinyume cha sheria, huku wakifuta amri ya mahakama ya chini ya kuigawa kampuni vipande viwili. Hakuna upande uliopata yote uliyoyadai.

Fedha haziachi kusema hata baada ya hukumu. Mwaka 2004, chama cha kampuni za kompyuta na mawasiliano, CCIA, mpinzani wa Microsoft kwa miaka mingi, kilikubali kuachana na malalamiko yake na kikalipwa dola milioni 19.75. Karibu nusu yake ilikwenda kwa rais wa chama. Nokia ikajitoa uanachama.

Lakini mfadhili mwenye masilahi anaweza pia kusema kweli. Muungano wa FairSearch, uliokuwa na Microsoft yenyewe kati ya wanachama wake, uliishtaki Google kwa Tume ya Ulaya mwaka 2013 kuhusu Android. Julai 2018 Tume ilitoza faini ya euro bilioni 4.34, ambayo mahakama ya Ulaya iliipunguza mwaka 2022 hadi bilioni 4.125 huku ikiidumisha sehemu kubwa ya uamuzi. Tume ilitazama mikataba: mtengenezaji wa simu aliyetaka duka la Play alilazimika kuweka pia programu ya kutafutia ya Google na kivinjari cha Chrome. Mikataba hiyo ilisomeka bila kumuuliza mtu yeyote wa FairSearch.